Mwaka wa Sauti Iliyochelewa

Tulipomzika Rispa kule Ndhiwa mwezi uliopita, wengi walisimama kumsifu. Mchungaji alisema habari za kwaya aliyoiongoza, jirani akasema habari za kisima alichokichimba na kuacha lango wazi kwa kila mwenye ndoo, na mpwa wake akasoma karatasi yenye majina ya shule. Nilikaa safu ya nne chini ya hema nikingoja mtu ataje kile chumba cha nyuma ya mashine ya kusaga kule Migori, lakini hakuna aliyekitaja, maana waliokijua wamebaki wachache. Sikuomba nafasi ya kusema. Ratiba ilikuwa imejaa, na mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika. Nilirudi nyumbani Homa Bay nikaona afadhali niandike. Sitaanza na wazazi wangu wala na kijiji nilikozaliwa. Hayo ni marefu, na hayana tofauti kubwa na ya watu wengine. Nitaanza na mwaka niliokuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, na nitaanza na mlango.

Ulikuwa mlango wa bati uliovishwa blanketi mbili za kijivu. Ukiufungua ulipigwa kwanza na joto, kisha na harufu ya unga, kwa sababu ukuta mmoja wa studio ndio uliokuwa ukuta wa mashine. Rispa alikuwa amekodi vyumba viwili vya nyuma ambavyo hakuna mwingine aliyevitaka. Katika kile kikubwa alisimamisha maiki moja, akapigilia trei za mayai ukutani na kuegemeza magodoro ya zamani kwenye pembe. Katika kile kidogo, ambacho nikinyoosha mikono niliweza kugusa kuta zote mbili, aliweka kompyuta, spika mbili, mikseri ndogo na viti viwili vya plastiki. Kati ya vyumba hivyo kulikuwa na dirisha la kioo lililong'olewa kwenye basi bovu. Mashine ikinguruma hatukuweza kurekodi hata kikohozi, kwa hiyo maisha yetu yalifuata tumbo la msagaji. Saa saba mchana alizima mashine akaenda kula, na hapo ndipo tulipofanya kazi, mpaka saa tisa alipoiwasha tena. Sisi wenyewe tulikula mapema, saa tano, tukiwa tumekalia magunia uani. Siku nyingi ilikuwa nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja; siku nzuri ilikuwa kuon, ugali wa kwetu, na omena, dagaa wa ziwani. Rispa alikuwa na desturi ya kunimegea kuon kubwa kuliko yake na kusema yeye hana njaa, jambo ambalo nadhani halikuwa kweli hata siku moja.

Wanawake waliongoja mashine iwashwe walikaa upande wa pili wa ukuta, na maiki ya Rispa ilikuwa na masikio makali. Nikivaa hedifoni niliwasikia kama wamekaa begani kwangu. Nilijua nani ana mimba kabla mumewe hajajua. Siku moja nikasikia mmoja akiuliza, "Na huyu kijana wa Nyar Ndhiwa, ni bubu?" Nyar Ndhiwa, binti wa Ndhiwa, ndivyo mtaa ulivyomwita Rispa. Mwenzake akajibu, "Si bubu. Anaongea, lakini mpaka amalize neno, unga yako imeshasagwa." Wakacheka, si kwa ubaya, nami nikavua hedifoni polepole kana kwamba wangeweza kuniona.

Walisema kweli. Nilikuwa na kigugumizi kizito. Jina langu ni Ouma, jina jepesi la silabi chache, na nilikuwa nikilisukuma mlangoni mwa mdomo mpaka mishipa ya shingo inasimama. Watu wazuri, wenye huruma, walinimalizia maneno. Nikitaka kusema sokoni nataka nyanya, nilipewa nyama, nikaondoka nayo. Rispa hakunimalizia. Siku niliyokwenda kuomba kazi aliniuliza kama najua kompyuta. Kusema "najua" kulinichukua muda mrefu sana, na muda wote huo yeye aliweka mikono magotini akaniangalia machoni, kama mtu anayengoja chai ichemke na hana haraka ya kwenda popote. Nilipofika mwisho akasema, "Sawa. Na printa?" Nimefanya kazi na watu wengi tangu siku ile, wengine wenye vyeti vikubwa vya sauti, na bado sijakutana na mtu aliyesikiliza kama yeye.

Nieleze kidogo kazi yenyewe, maana bila hiyo yaliyofuata hayataeleweka. Mtu akiimba kwenye maiki, kompyuta huchota sauti yake kama tunavyochota maji mtoni: inajaza chombo, inakipeleka, inarudi kujaza tena. Chombo kikiwa kikombe, maji yanafika upesi, lakini mchotaji anakimbia mpaka anaanguka. Kompyuta yetu ikichota kwa kikombe ilikatakata sauti na kutoa milio kama mafuta ya kukaangia. Chombo kikiwa pipa, mchotaji anapumua, lakini aliye nyumbani anakaa akingoja. Kungoja huko ndiko tulikoita kuchelewa. Mwimbaji anasema "Nyasaye", yaani Mungu, mdomoni, na "Nyasaye" ile ile inamfikia kwenye hedifoni baada ya kitambo kifupi kama kupepesa jicho, kana kwamba mtu mwingine ameirudia. Na ukitaka kumwekea mwangwi, ili ajisikie yuko kanisani wala si kati ya magodoro, kila kiungo cha namna hiyo unachoongeza kwenye sauti ni mzigo mwingine kwa kompyuta, na inabidi pipa liwe kubwa zaidi. Rispa aliyajua haya kwa masikio kabla hajayasoma popote. Aliniambia mwimbaji akijisikia mkavu anaogopa, akijisikia amechelewa anapotea, na kazi yetu ni kumkinga na yote mawili.

Ilikuwa mwezi wa nne au wa tano, majira ya mvua, Rispa akiwa amekwenda kwao. Nilikuwa najaribu maiki peke yangu. Kompyuta ilikuwa imejaa viungo vya wimbo wa kwaya fulani, na nilikuwa nimeiwekea pipa kubwa kuliko yote. Nilivaa hedifoni, na kwa kuwa nilihitaji maneno yoyote, nikasoma maandishi ya gunia la mbolea lililokuwa limetundikwa ukutani kuzuia sauti. Nikasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilifika "weka mahali pakavu, mbali na watoto" kabla sijatambua kwamba sijakwama. Sauti yangu ilikuwa ikinirudia nyuma kidogo, nzito, ya kivivu, nami nilikuwa nikitembea mbele yake bila kujikwaa. Nikavua hedifoni, nikaanza tena kusoma, nikakwama pale pale mwanzoni. Nikazivaa, nikapita. Nilisoma gunia lile mpaka nikalijua kwa moyo. Siku hizi najua kwamba madaktari wanalifahamu jambo hili: sauti iliyochelewa humkwaza mtu anayesema vizuri, na baadhi yetu tuliokwama hutufungua, japo si wote na si siku zote. Wakati ule sikujua lolote. Nilidhani Mungu amenitembelea kupitia kompyuta yenye vumbi la unga, na sikumwambia mtu.

Wiki chache baadaye alikuja Madam Janet, afisa wa afya kutoka Homa Bay, kurekodi matangazo ya Kiswahili kuhusu siku za kliniki kwa watu wa ufuoni. Msomaji aliyemtarajia hakutokea. Saa saba ilikuwa imeshapita, mashine ilikuwa imezimwa, na muda ulikuwa ukienda. Niliichukua ile karatasi mkononi mwake nikaingia chumba kikubwa. Kupitia kioo nilimwona akimgeukia Rispa, na midomo yake niliisoma bila taabu: "Huyu?" Rispa akanyanyua mabega. Nikavaa hedifoni, nikasoma tangazo lote mara moja, na la pili, na la tatu. Madam Janet alipiga makofi kama yuko harusini. "Yawa! Sauti kama hii mlikuwa mmeificha wapi?" Rispa hakupiga makofi. Alinitazama kwa muda, kisha akatazama skrini, kisha akaniambia tu, "Umesoma vizuri." Baada ya hapo kazi za kusoma zikaanza kuja, nami nikawa sigusi tena pipa la kompyuta. Niliogopa nikilipunguza sitajua kulirudisha pale pale lilipokuwa.

Hapo ndipo alipokuja Pilista. Alikuwa mama wa makamo kutoka Masara, mmoja wa wanawake wanaovunja mawe ya dhahabu kwa nyundo, mwenye mikono migumu na sauti iliyonifanya nisimamishe kalamu mara ya kwanza alipoimba uani bila maiki. Alikuwa ametunga wimbo wa wanawake wenzake, na vijana wa gitaa walikuwa wameshamrekodia muziki. Kilichobaki kilikuwa sauti yake tu. Siku hiyo Rispa alikuwa Ndhiwa. Nilimvisha Pilista hedifoni, nikaachilia muziki, akaimba mstari mmoja akanyamaza, akageuka nyuma.

"Nani huyo ananifuata?" akauliza.

Nilitikisa kichwa kumwonyesha hakuna mtu.

"Iko mtu. Nikisema neno, anasema nyuma yangu. Siwezi imba na mtu ananifuata hivyo."

Nilijua ni nini. Ningeweza kukitengeneza, au angalau kukipunguza, kwa kuondoa viungo na kubadilisha chombo. Nilibonyeza kitufe cha kuongea naye nikasema, kwa taabu, kwamba atazoea. Akaanza tena. Kadiri alivyojisikia amechelewa ndivyo alivyojivuta kuingoja ile sauti ya pili, na kadiri alivyoingoja ndivyo muziki ulivyomkimbia. Mara ya tatu, mara ya nne. Mara ya sita alitoka kabisa kwenye mdundo, yeye ambaye nyundo yake kule Masara ilikuwa haikosi. Akavua hedifoni, akaziweka kwenye kiti kwa uangalifu kama vile ni mayai, akachukua kikapu chake.

"Wuoda," akaniambia, mwanangu, "usihangaike. Ni mimi. Hiyo mawe imeniharibu masikio, na sasa nimezeeka. Mwambie Rispa pole."

Mdomo wangu ulikuwa wazi. Kila nikikumbuka tukio hilo najiuliza kama kweli neno lilinikwama, au kama nililiacha likwame. Alifungua mlango wa blanketi akaenda.

Rispa alirudi kesho yake asubuhi, msagaji akiwa hajafika. Alikaa kwenye kiti cha plastiki akasikiliza majaribio yote sita, amefumba macho, mkono ukipiga goti. Nilitamani amlaumu Pilista. Baada ya jaribio la mwisho akasema, "Huyu mama hajachelewa. Huyu mama anangoja mtu." Akafumbua macho, akafungua mahali pa kuweka chombo cha kompyuta, akaona namba. Hakupandisha sauti. "Ouma, hii ni wewe umeweka?"

Niliinamisha kichwa kukubali. "Kwa nini?" Nilijaribu. Nilijaribu mpaka machozi yakanitoka, na sikufika hata neno la kwanza. Rispa akaniangalia, akaangalia ile namba, na nikaona usoni mwake jambo likijipanga. Nadhani ndipo alipokumbuka siku ya Madam Janet. Akasimama, akanishika mkono, akanipeleka chumba kikubwa, akanivisha hedifoni kwa mikono yake mwenyewe. Akarudi upande wa pili wa kioo, akakaa, akabonyeza kitufe.

"Sasa sema," akasema.

Nikasema. Nilimwambia habari za gunia la mbolea. Nilimwambia kwamba nimenunua nyama maisha yangu yote nikitaka nyanya. Nilimwambia kwamba Pilista aliniuliza nani anamfuata nami nilijua, na kwamba nilimwacha aende akiamini masikio yake yamekufa, kwa sababu nilitaka kubaki na sauti yangu. Yalikuwa maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumwambia binadamu kwa wakati mmoja, na yalitoka yote bila kukwama, maovu na mazuri, moja baada ya jingine. Rispa alisikiliza mpaka nikamaliza. Nilimwona akipangusa macho kwa kiganja, haraka, kama mtu aliyeingiwa na unga.

"Umepata sauti," akasema kupitia hedifoni. "Mimi nafurahi, Ouma. Kweli nafurahi. Lakini umeitoa kwa mdomo ya Pilista. Hiyo hapana." Akasukuma kiti nyuma. "Toka huko tufanye kazi. Hii kitu inatosha watu wawili."

Kazi ile ilichukua siku mbili, na nimeishi kwa mafunzo yake hadi leo. Kwanza tuliupika muziki wa wale vijana. Ndivyo Rispa alivyosema, kupika: tukauunganisha pamoja na viungo vyake vyote ukawa faili moja, ili kompyuta isiendelee kuukoroga kila sekunde. Kisha akaigawa njia ya maiki mara mbili pale kwenye mikseri. Njia moja iliingia kwenye kompyuta, kavu, bila kiungo chochote, ikarekodiwa. Nyingine ilikwenda moja kwa moja kwenye hedifoni za mwimbaji bila kupita kwenye kompyuta, na ili asijisikie mkavu, akaazima kwa bendi moja kisanduku cha mwangwi kisichohitaji kungoja mtu. Mwimbaji angesikia mwangwi, lakini mwangwi usingerekodiwa. Viungo vya kweli vingewekwa baadaye, kwa utulivu, wakati hakuna anayeimba. Halafu akagonganisha vijiko viwili mbele ya maiki, akapima kwenye skrini mlio umekaa mbali kiasi gani na mdundo, akauvuta nyuma mpaka mlio na mdundo vikakaa pamoja. Na katika kisanduku kile kile, kwenye kitufe kingine, akaniwekea mimi kuchelewa kwangu, kwa hedifoni zangu peke yangu. "Kila sikio na njia yake," akasema, akafuta mikono kwenye sketi kama aliyemaliza kupanda.

"Sasa twende Masara," akaongeza. "Na mimi sitakusemea."

Tulimkuta Pilista amekaa chini ya turubai pamoja na wenzake wanane, kila mmoja na jiwe lake na nyundo yake. Aliinuka akatupatia uji kwenye vikombe vya plastiki kabla hajauliza tumefuata nini. Rispa alikunywa uji wake akanitazama. Nikaanza. Sikuwa na hedifoni, na kigugumizi changu kilikuwa kibaya siku hiyo kuliko siku nyingi. Nyundo zilinyamaza moja moja, kwa adabu, na kunyamaza kule kulinizidishia taabu, mpaka Pilista akawaambia kwa Dholuo waendelee na kazi, kijana ana maneno na maneno yatafika. Yakafika. Nilimwambia kwamba yule aliyemfuata alikuwa kompyuta, kwamba mimi nilijua, na kwamba naomba msamaha.

Alikunja uso. Nilingoja anitukane, na nilikuwa tayari.

"Kwa hivyo," akasema polepole, "masikio yangu ni mzima?"

"Ni ma-ma-mazima, Mama."

Akageuka kwa wenzake, akainua nyundo juu. "Mmesikia? Masikio yangu ni mzima!" Wakapiga vigelegele, na mama mmoja mnene akaanza kucheza pale alipokuwa amekaa, kwa mabega tu. Baadaye, tulipokuwa tukiagana, Pilista alinishika kidevu kwa ile mikono yake mikavu. "Siku hizi zote nimekuwa nikiimba kimya kimya," akaniambia, "nikiogopa wenzangu watasikia nimeharibika. Usimfanyie mtu hivyo tena." Nimeyabeba maneno hayo katika kila studio niliyoingia. Mwimbaji akiniambia kuna kitu hakiko sawa, huanza kuikagua mitambo yangu, na yeye namwacha wa mwisho.

Alikuja siku ya Alhamisi, saa saba mchana, msagaji alipokwenda kula. Alivaa hedifoni, akasema neno moja kujijaribu, akatabasamu upande wa kioo: "Amekwenda, yule mtu." Kisha akaimba wimbo wote mara moja, akijipigia paja pale ambapo nyundo ingeanguka. Tulipotazama kwenye skrini, kila neno lilikuwa limekaa juu ya mdundo wake, hakuna la kusogeza, hakuna la kukata. Rispa alijaribu kuweka mwangwi kidogo, akauondoa, akaweka mwingine mdogo zaidi, akauondoa pia. Mwishoni aliiacha sauti ile karibu ilivyo. Nimemwona fundi mwingine au wawili wenye ujuzi wa kuweka viungo; mwenye ujasiri wa kuviacha nimemwona mmoja tu.

Mwisho wa mwaka ule Madam Janet alituma ujumbe. Wavuvi walikuwa wamezoea sauti ya matangazo, na sasa kulikuwa na mkutano Homa Bay, kwenye banda la kupokelea samaki, na alitaka mwenye sauti aje asome mwenyewe mbele ya watu. Nilimwambia Rispa siendi. Akaniambia ni sawa. Kesho yake nikamwambia nitakwenda kama atabeba kisanduku. Akaniambia ni sawa pia. Tulifika asubuhi, jua likiwa tayari kali, harufu ya samaki na ya maji ya ziwa ikiwa nzito, wanawake wamejaa na mabeseni yao. Rispa alifunga spika mbili kwenye nguzo, akaweka kisanduku na hedifoni mezani karibu yangu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Iko hapo. Ukitaka chukua, usipotaka wacha. Tangazo ni yako." Kisha akaenda kusimama nyuma kabisa ya watu, mahali ambapo fundi husimama kusikia kama sauti inafika.

Nilizitazama zile hedifoni. Nilifikiria wanawake wa Masara na nyundo zao. Nikashika maiki nikaanza bila kuzivaa, nikivuta maneno marefu kama nilivyozoea kuyasikia yakinirudia, polepole, ya kivivu. Nilikwama kwenye "ndugu". Nilikwama vibaya zaidi kwenye "kliniki", na kijana mmoja mbele akacheka, na mtu akamnyamazisha. Kule nyuma Rispa alikuwa ameweka mikono kiunoni, kichwa amekiinamisha upande mmoja, anasikiliza spika. Sikuweza kuona huruma usoni mwake, kwa sababu haikuwapo. Alikuwa anapima kama nasikika. Akanionyesha kidole gumba. Nikaendelea. Tangazo ambalo kwenye studio lilichukua dakika moja lilinichukua labda sita, jasho likinitoka mpaka viatuni, na nikafika mwisho wake.

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walianza kuinuka na kuchukua mabeseni yao, nami nikasimama na maiki mkononi, nisijue kama nimeshinda au nimeaibika. Mama mmoja mwenye beseni la mbuta kichwani alinipita, akarudi hatua mbili, akanishika kiwiko.

"Kijana, ngoja kwanza," akasema. "Hiyo kliniki, umesema ni Jumanne ama Jumatano?"

"Ju-Ju-Jumanne, Mama. Asubuhi."

"Jumanne. Sawa." Akamgeukia mwenzake aliyekuwa nyuma yake, akapaza sauti: "Si nimekuambia ni Jumanne!" Wakaenda zao wakibishana.